Mbegu Arobaini, Joto Moja

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mume wangu kanipigia simu mara mbili kabla ya saa nne, kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Nimempenda upya.

Maabarani kuna jambo. Mkuu katangaza madaftari ya karatasi basi. Majaribio yote ya mbegu yaingie kwenye daftari la kompyuta, yaandikwe kwa namna moja: joto kwa nyuzi, zilizoota kwa asilimia. Eti mmoja anaandika "nusu", mwingine "nyingi kiasi". (Wa "nyingi kiasi" ni mimi.) Atakayemaliza kwanza ataenda likizo wiki ijayo. Wiki nzima! Fungate letu lilikuwa siku moja na nusu, friji za watu zikaharibika, mume wangu, fundi friji, akaitwa. Lazima nishinde!

Mpinzani: Bi Rula wa meza ya pili. Hupigia mstari hata jina lake.

Jumanne, 4 Machi
Majaribio arobaini. Kisanduku cha joto hakikubali kubaki kitupu, na daftari langu limejaa "wastani" na "leo jua kali". Nikamwaza mume wangu. Binadamu ni nyuzi 37. Nikaandika 37, nikanakili, nikabandika kote. Dakika sita! Bi Rula bado yuko jaribio la tatu. Nikamwonea huruma, nikampa biskuti.

Jumatano, 5 Machi
Aibu! Kompyuta, kumbe mbea, huandika saa na jina kwenye kila kitu. Mkuu akaniuliza nina mikono mingapi. Bi Rula akadakia, akataka kujua mbegu zangu zilioteshwa au zililazwa wodini. Watu hoi kwa kicheko. Nikafuta yote. Hayafutiki! Yamebaki yamekatwa mstari, jina langu pembeni, na sababu ya kufuta inadaiwa. Nikaandika: mapenzi.

Mume wangu kanibembeleza, akasema mke wangu, sema ukweli, uanze moja. Mwanaume huyu! Ushauri mzuri mno. Siwezi kuufuata.

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu mpya: tarakimu tofauti tofauti. Nimetumia umri wa mawifi na mashemeji wote. Mama mkwe nimemwacha, mbegu zingeungua.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kaona mbegu iliyoota kwa nyuzi nne. (Shemeji mdogo, yuko chekechea.) Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akasema mwanangu, nenda likizo. Leo hii. Usiguse kitufe chochote. Majaribio yangu kapewa Bi Rula, ayarekebishe kwa karatasi ya kipimajoto cha ukutani. Kumbe joto huandikwa pale kila asubuhi!

Nimeshinda! Mume wangu yuko getini, kaazima pikipiki, kavaa shati la harusi!

Ila nina moyo mwema. Bi Rula alitoka kidogo, akaacha kompyuta wazi. Maskini, kila jaribio lake lina joto lake, fujo tupu. Nikamwekea 25 kote. Si walitaka yafanane?