Siku Tuliyousugua Mto

Jumatatu, 11 Agosti
Mwalimu mkuu ametangaza. Alhamisi anakuja Bi Paulina wa ofisi ya maji kukagua klabu yetu ya kulinda mto. Akiridhika, mlezi wa klabu anakwenda semina Korogwe. Mlezi ni mimi! Yaani mimi na Loyce wa Jiografia. Loyce ndiye anayeshuka mtoni na watoto kila wiki, kugeuza mawe na kuandika wanachokiona. Mimi nasaini. Semina watu huvaa kitambulisho shingoni. Loyce kitambulisho cha nini?

Kitabu cha mwongozo kipo mezani, sijakifungua. Nimesomea sayansi, leo nifundishwe maji?

Jumatano, 13 Agosti
Loyce kaenda msibani Handeni mjini. Msiba si jambo la kufurahia. Nimejizuia.

Nikatoa darasa la sita lote. Mgeni akija shuleni tunafagia na kupaka mawe chokaa, kwa nini mtoni iwe vingine? Brashi, sabuni ya unga, chokaa iliyobaki ya ukuta wa ofisi. Tumesugua mawe yote ya kivukoni, hata ya chini ya maji. Ya ukingoni tukayapaka chokaa, na ndoo tukazisuuza hapo hapo. Nemayian, binti wa mzee Leboo mfugaji, akanyoosha mkono. Akasema kwa adabu kwamba wadudu wanaishi kwenye ule utelezi. Nikamjibu kwamba mgeni haji kutazama wadudu. Akasugua.

Alhamisi, 14 Agosti
Mgeni alikuja kutazama wadudu.

Kavua viatu, kageuza jiwe. Hamna kitu. Jingine. Hamna. Akaeleza kwamba kuna wadudu wadogo wenye mikia mitatu, maji yakiingia sumu ndio wa kwanza kutoweka. Watoto wote wakanitazama. Mimi nikatazama ng'ambo, hata alichoongeza kuhusu minyoo wekundu na maji machafu kikanipita. Akayaona mawe meupe, akauliza kama chokaa iliingia majini.

"Hata tone," nikasema.

Kabla ya jioni mwenyekiti wa kijiji alishapita na kipaza sauti. Asiteke mtu, asinyweshe mtu mifugo.

Jumanne, 19 Agosti
Nemayian haonekani shuleni. Nimekwenda kwao. Yuko njiani na punda, anafuata maji kisima cha mbali. Ng'ombe wamehamishwa, ndama wamedhoofu. Mzee Leboo akanishukuru kwa kuwafundisha watoto kuulinda mto. Ananishukuru mimi! Nikapewa maziwa, nikayanywa yote.

Kurudi nikakaa mtoni. Maji yanapita, mazuri kweli kwa macho. Siku zote nilidhani maji safi ni yale yanayong'aa, kumbe usafi wake upo kwa vile vijidudu ambavyo sijawahi hata kuviinamia. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jumatano, 20 Agosti
Nimemweleza Loyce. Nilitegemea makelele. Akasema tu, "Mwalimu Rehani, mpigie Bi Paulina sasa hivi. Nasimama hapa hapa."

Nikapiga. Semina imeota mbawa. Bi Paulina hakunigombeza, bora angenigombeza. Akasema mto utajisafisha, na wadudu wa sehemu ya juu ya mto watashuka wenyewe. Atarudi wiki ijayo, akiwakuta marufuku inaondoka. Ila tusiguse kitu.

Alhamisi, 28 Agosti
Bi Paulina anakuja kesho. Loyce na watoto wamegeuza mawe leo, wamewaona wale wa mikia mitatu. Wachache! Loyce anasema wanatosha. Loyce huridhika haraka.

Mimi nimebadilika. Kitambulisho sikitaki tena, namtaka Nemayian darasani na ng'ombe wa Leboo kivukoni. Jambo zito namna hii haliachiwi wadudu wachache. Kwa hiyo jioni nimezunguka na ndoo nikitafuta wa kuongezea. Huwezi kuamini, mtaro wa bafu la walimu umejaa uhai! Minyoo wekundu wanene, mabuu ya mbu, wanacheza humo bila kuhimizwa. Nimechota ndoo nzima. Alfajiri, Loyce hajaamka, nawamwaga wote mtoni.