Saa Iliyotoka Ziwani

Jumatatu, 3 Novemba. Le Locle, Uswisi. Theluji ya kwanza. Madamu Calame, mkuu wa karakana, katangaza shindano: atakayebuni kasha bora la saa ya wapiga mbizi, kauri tupu, jina lake litachongwa mgongoni mwa saa. Miaka kumi na tisa nang'arisha makasha ya wenzangu! Perrenoud, meza ya pili, ameshaanza kutabasamu.

Jumanne, 4. Nimefungua tanuri. Nilisahau kwamba kauri ikichomwa husinyaa karibu robo. Kasha langu limetoka dogo mno. Perrenoud akaniuliza, mbele ya wote, kama paka wangu anapiga mbizi.

Jumatano, 5. Bahati! Mjane mmoja, Odile Matthey, kaleta saa ya mumewe Étienne, aliyezama Ziwa Neuchâtel miaka saba iliyopita. Nyavu za mvuvi zimeiinua wiki jana. Saa tu, mwili hapana. Kauri nyeusi, haina mkwaruzo. Na inatembea. Saa hizi hujijaza kwa mtikisiko wa mkono wa mvaaji. Miaka saba, mkono wa nani? Sikuuliza. Nilikuwa natazama umbo. Umbo gani hilo!
Mama Odile hataki itengenezwe. “Isimamishe tu, bwana. Usiku naisikia mpaka jikoni.”
Nikaahidi. Kisha nikaichora kwenye daftari langu, nikatia sahihi.

Alhamisi, 6. Nimeivaa, nizoee ubunifu wangu. Kauri hushika joto la mwili upesi. Hii haishiki. Pete ya kuhesabia dakika, ile inayozunguka uso wa saa, nimeiweka kwenye sifuri. Baada ya kahawa iko arobaini na mbili. Mara tatu. Mkono wa shati umelowa hadi kiwiko. Nikamshutumu Perrenoud. Akaapa hajaigusa, na hakucheka. Hilo lilinitisha zaidi.

Ijumaa, 7. Siku ya kuonyesha kazi. Nikaeleza vizuri sana. Madamu Calame akaomba aishike. Haikuvulika. Tukapaka sabuni. Perrenoud akavuta. Wapi. Vidole vyangu vikawa vya bluu.
Ndipo Mama Odile akaingia kuulizia saa yake. Akaiona. Akaushika mkono wangu, lakini hakuwa akisema na mimi.
“Étienne, inatosha. Twende nyumbani.”
Mkanda ukafunguka wenyewe. Saa ikaanguka sakafuni, ikapasuka vipande vitatu. Kauri haikwaruziki, ila huvunjika kama sahani. Yakatoka maji, ndoo nzima, yananuka tope. Mishale ikasimama. Mama Odile akalia kimyakimya, akaokota vipande, akanishukuru. Mimi!
Madamu Calame hakunishukuru. Jina litakalochongwa ni la Perrenoud. Mimi nirudi Jumatatu kuchukua vitu vyangu.

Jumamosi, 8. Nimelitafakari kosa langu kwa dhati. Ni moja tu: niliivaa mkono wa kushoto. Asubuhi nimempigia yule mvuvi. Anasema jana jioni nyavu zimeinua nyingine, nyeupe, nayo inatembea, anataka kuitupa. Nimemsihi asiitupe, asimwonyeshe mtu. Treni ni saa nne.