Koti la Pareto Kwenye Ofisi ya Kodi

Jamani, leo nimeaibika, tena mchana kweupe!

Mnajua nilipigwa faini, eti hesabu za duka langu la Sironga zilifika ofisi ya kodi zimechelewa. Uongo! Nilizipeleka mapema kwa mkono wangu. Lakini nani hushindana na muhuri wa serikali? Nikaona dawa ni machozi. Nikaazima koti la kaka yangu, lile la kuchumia pareto (limetoboka hata mahali pasipotajika), nikaacha viatu nyumbani, nikaenda Kisii.

Kwenye benchi, chini ya dirisha la afisa, alikuwa ameketi mama mmoja na kikapu chake. Nikamwamkia, nikaingia.

"Mzee," nikaanza kabla ya kuulizwa lolote, "lile si duka. Ni chumvi na viberiti! Panya wenyewe wamehama!" Nikavua kofia, nikapiga magoti. Nikalia. (Kumbe najua kulia!) "Hata ng'ombe sina. Faini nitatoa wapi?"

Afisa, mtu mpole wa kutoka ziwani, akaningoja mpaka machozi yakaniishia. "Kijana, inuka. Faini yako tumeshaifuta. Karani ndiye aliyechelewa kupiga muhuri. Ungeuliza tu."

Nikatoka nikirukaruka. Yule mama akanishika koti.

"Wewe ni mtu ya Sironga? Mimi ni esigani. Nimetumwa kuangalia kijana moja anataka kuoa mtoto ya ndugu yangu. Nimeenda duka yake, wakasema amekuja hapa. Unajua Ombati?"

Nyasae, Mungu wangu! Esigani, yule mshenga anayechunguza kama mkwe ana mali, na akisema hapana ni hapana! Na mimi kwa kina Nyaboke, mchumba wangu, nilijigamba kwamba zizi limejaa. Nampenda Nyaboke, jamani.

"Ombati? Simjui kabisa, mama."

Kichwa cha afisa kikatokea dirishani. "Bwana Ombati! Umesahau kofia yako!"

Mama hakucheka. Alitazama miguu yangu, akatazama koti, akainua kikapu. "Pole, mwanangu. Nimesikia yote. Hata ya panya." Akaenda zake kupanda gari la Ogembo, kwa kina Nyaboke.

Faini imefutwa. Posa nayo, nadhani. Msinicheke, nawaomba. Mwenye baiskeli anipakie mpaka Ogembo sasa hivi, na mwenye ng'ombe atufuate nao nyuma.