Mstari wa Bustani ya Mama Thacienne

Mheshimiwa Mchungaji, mwenye ukumbi huu wa chini ya kanisa. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mipaka ya Bustani ya Waswahili wa Malvern, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, katibu wake na, tangu Bwana Naushad ahamie Vaughan, mjumbe wake pekee. Wazee wetu, kina mama wa jikoni, na nyote ambao itifaki haikuwafikia: kaeni. (Wote walikuwa wamekaa.)

Kama ilivyo desturi ya mji huu, ya kuwataja wenyeji wa asili kabla ya mkutano wowote, natambua kwamba tumekutana juu ya ardhi ya Wacherokee. (Bi Shireen, mwalimu mstaafu: "Mwenyekiti, Wacherokee ni wa kusini, Marekani. Hapa Toronto ni ardhi ya wengine.") Ahsante, Bi Shireen, maoni yamepokelewa, lakini nimeshasoma kurasa arobaini juu ya Wacherokee na siwezi kuanza upya.

Kurasa hizo, ndugu zangu, zimenifunza uongozi. Serikali changa ya Marekani ilitia saini mkataba na Wacherokee, mpaka ukachorwa, walowezi wakauvuka, wakajenga na kulima. Jeshi likatumwa kuwatoa, na mara nyingine liliwatoa kweli, likachoma vibanda vyao, wakarudi. Ndipo serikali, kwa hekima ya kiutendaji, ikaona kwamba kuhamisha watu ni kazi ngumu ilhali kuhamisha mstari ni karatasi tu. Ukaandikwa mkataba mwingine, na walowezi wakajikuta upande wa halali bila kusogeza hata sufuria. (Makofi ya mtu mmoja.) Hiyo, kwa Kiswahili fasaha, ni best practice.

Kwa framework hiyohiyo, mstari wa bustani ya Mama Thacienne tumeusogeza mara tatu tangu mwezi wa tano, kwa ridhaa ya asilimia mia moja ya wajumbe waliohudhuria, ili kupisha Kituo cha Utamaduni cha orofa mbili, chenye maktaba na jiko la gesi. (Mama Thacienne, amesimama: "Président, bustani yangu ya lenga-lenga, mchicha wenu, ilikuwa na futi kumi na mbili. Sasa zimebakia ngapi?") Swali zuri, Mama, tena la kimkakati. Hazikubaki. ("Kila mara uliniambia ni ya mwisho.") Na kila mara, Mama, nilimaanisha. (Mama Thacienne bado amesimama.)

Umoja, mipaka, maendeleo! (Wachache wanaitikia "umoja", kwa mazoea.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru Mama Thacienne kwa mboga mtakazokula mchana huu, maana alizing'oa jana zote. Naishukuru manispaa, ambayo nitaiandikia barua ya kuomba kibali. Namshukuru msanifu wa jengo, ambaye tutamtafuta. Na nawashukuru nyinyi nyote kwa kuegesha magari kando ya barabara, kwa sababu pale kitakapojengwa Kituo pana nafasi ya gari moja tu, na langu limeshaingia.