Nafasi Nne, Watu Watano

Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa tano, chini ya tangazo la dawa ya mibuni, na mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti maana kijiwe kizima mwenye miwani ni mimi. Vijana wengi walioitwa usaili wa uofisa jeshini mwaka huu wameanguka, kwa sababu wamekosa sifa.

"Sifa zipi?" Afande akauliza, kikombe kikiwa hewani.

"Zimetajwa hapa. Ujasiri, uaminifu, kauli, na uamuzi wa haraka."

"Zote hizo Kornel nimempa," akasema, akanywa.

Hapo ni kwa Flavia, Kirua Vunjo, pale gari za kutoka mjini zinapogeuzia. Ni masika ya mwaka tisini na nane, tope linafika kwenye vifundo vya miguu. Kila aliyekaa kwenye benchi lile analima kahawa, lakini ya kunywa ni ya Flavia tu. Ya kwetu yote tunawapa wanunuzi binafsi, halafu tunakuja kijiweni kuulizana bei imekwenda wapi. Mimi naitwa Redandansi tangu kiwanda kiliponipunguza. Nilisema jina hilo silitaki, ndipo likanata kabisa.

Afande ni Remigius. Jeshini hajawahi kulala hata siku moja. Alifanya mgambo miezi mitatu kwa bunduki ya mti, na zamu yao ilipofika vita vikawa vimekwisha, akabaki na filimbi. Kornel ni mtoto wa dada yake Mektrida, mjane, na Afande ndiye aliyemlea. Kijana ameshaitwa usaili mara mbili, mara zote amerudi mikono mitupu. Jana ilikuwa ya tatu, na ndiyo ya mwisho, maana mwakani umri unampita. Kwa hiyo gazeti lile lilitukaa kooni.

"Mara ya kwanza aliangushwa na nini?" akauliza Askofu. Huyu ni Filemon, mzee wa kanisa, Mlutheri wa Machame aliyeletwa kwetu na pikapu yake ya kukusanya maziwa. Sisi Wakatoliki tumemvumilia.

"Waliuliza kwa nini unataka uofisa," nikajibu. "Akasema mjomba ameniambia."

"Lakini si ndiyo kweli?" Afande akasema. "Uaminifu huo. Gazeti limeutaja."

Jesse Mitumba akacheka. Aliuza nguo Dar miezi minane, akarudi na lafudhi. "Oya, ishu ni mwonekano. Safari hii nimempa koti la Ujerumani, vifungo sita. Ofisa pamba, mzee."

"Ofisa ni unyenyekevu," Askofu akamkata. "Nimemwambia akiingia tu ainamishe macho."

Afande akaweka kikombe chini. "Ainamishe? Mimi nimemwambia awakazie macho mpaka wajute!"

"Mimi nilimfundisha kusema 'kimsingi' na 'mikakati,'" nikasema. "Wakubwa wanapenda."

"Na mimi nilimpa kiburu," Flavia akasema akimimina. "Ndizi na maharage yameiva vizuri. Mtu mwenye njaa ujasiri atautoa wapi?"

Tulikuwa bado tunabishana sifa ipi ndiyo mama wa zote, Kornel akashuka kwenye gari la mjini.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mbona koti lina vifungo vinne?" Jesse akauliza, hata pole ya safari hajatoa.

"Viwili viliruka nilipopiga saluti."

"Viliangukia wapi?"

"Kimoja kwenye chai ya mwenyekiti."

Afande akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Saluti ya nguvu hiyo. Jina ulitaja kwa sauti gani?"

"Ile uliyonifundisha, mjomba. Mlinzi wa nje akaingia mbio na silaha."

"Na macho?" Askofu akauliza.

"Nilitazama chini sekunde tano, nikawakazia sekunde tano, nikarudi chini. Daktari wao akaandika kitu."

"Ulisema 'kimsingi'?" nikauliza mimi.

"Mara kumi na moja. Wakaniomba nipumzike."

Flavia akampa kahawa, akamsogezea kigoda. "Mwacheni akae. Walikuuliza nini hasa?"

Kornel akapuliza kahawa. "Mwishoni waliniuliza swali moja. Gari liko mlimani, mvua inanyesha, mto unapanda. Dereva ni mimi. Watu watano, nafasi nne. Unamwacha nani? Na wakasema nitaje watu ninaowajua kweli, nisibuni. Basi nikawataja ninyi."

Jesse alituhesabu kwa kidole, akahesabu tena. Tulikuwa watano.

"Aisee," Askofu akasema taratibu. "Mimi kwenye gari langu siwezi kuachwa."

"Gari lilikuwa la jeshi, mzee."

"Hata hivyo. Mimi naona alibaki Redandansi. Yeye kupunguzwa ameshazoea."

Niliumia, nasema wazi. Miaka sita nakaa na mtu yule, gazeti namsomea bure, leo ananitupa mtoni mbele ya kadamnasi. Nikamwambia Mlutheri mmoja akibaki mlimani Kirua nzima haitagundua.

"Mbe, mimi nimekuvalisha!" Jesse akamshika Kornel mkono. "Usiniambie umeniacha na koti langu umevaa."

"Na nani atawapikia huko mbele?" Flavia akauliza, bila kuinua sauti. Hoja yake ilikuwa nzito, tukaikwepa.

Afande peke yake ndiye hakujitetea. Alikuwa amejiegemeza, anatabasamu, anatuonea huruma.

"Nilimwacha mjomba," Kornel akasema.

Filimbi ya Afande ilikuwa mfukoni mwa shati. Akaitoa, akaitazama, akairudisha.

"Mimi?"

"Wewe, mjomba."

"Nimekukimbiza kwenye migomba ya kihamba chetu kila alfajiri miaka mitatu. Ulifikiri muda gani kabla ya kuniacha?"

"Sekunde nne."

"Nne," Afande akasema. Uso ulimshuka, na hakuna aliyethubutu kumtania.

"Waliniuliza kwa nini," Kornel akaendelea, haraka haraka. "Nikasema hawa wanne nikiwaacha watakufa. Askofu atakaa kuomba. Jesse hatataka kuchafua raba. Mzee Redandansi atasubiri barua. Dada Flavia hataacha birika. Lakini mjomba nikimwacha, atafika nyumbani kabla ya gari."

Nikataka kubisha ile ya barua.

"Jamani!" Flavia akapiga birika kwa kijiko. "Saa nzima mnagombania kiti cha gari lisilokuwepo. Kornel, umepita au hujapita?"

Kornel akatoa bahasha mfukoni. Nikavaa miwani. Jumatatu aripoti chuoni.

Sitaeleza kelele zilizopigwa. Askofu alimkumbatia hata Jesse. Ikaamuliwa twende wote juu kwa Mektrida, maili tatu, tumpelekee habari. Pikapu ikawashwa, nafasi zilikuwepo tele.

"Mjomba, panda," Kornel akasema.

"Nimeachwa," Afande akajibu, anakunja suruali. "Ofisa ameshaamua. Wewe panda, dereva habaki nyuma." Akaingia kwenye njia ya migombani, hakugeuka.

Pikapu ilikwama kwenye kona ya pili. Askofu alizima injini, akafumba macho, akashika usukani kwa mikono miwili, midomo inacheza. Jesse alichungulia tope, akachungulia raba zake, akabaki juu. Flavia alikumbatia birika. Kornel akashuka peke yake, akavua koti, akaanza kusukuma, na mimi nikawa nasubiri mtu aniambie nifanye nini.

Tulifika saa moja na nusu baadaye. Mektrida alikuwa mlangoni, ameshalia, ameshafuta machozi, ameshabadilisha kitenge. Afande alikuwa ndani, miguu kwenye beseni la maji ya moto, bakuli la mtori tupu pembeni.

Kornel akasimama mbele yake, matope mpaka kifuani, akapiga saluti. Afande akatoa mguu mmoja majini, akaukausha.

"Sekunde nne," akasema, "zilikuwa nyingi mno."