Taa Sita za Kumlilia Babu

Jumanne, 8 Agosti

Hili sijamwambia mtu: taa za video sina. Hata moja! Nilimdanganya Mjomba Amponsah, mkuu wa ukoo, kwamba ninazo, ili msiba wa Babu Jumamosi niurekodi mimi, si binamu yangu Oteng. Oteng ana kitaa kimoja cha mkononi, lakini anavyotembea nacho, utadhani chifu na fimbo yake. Mjomba akasema haya, ila nikiharibu, misiba na harusi zote za ukoo ni za Oteng mpaka nizeeke. Nikaitikia kwa kichwa. Mbele ya watu, Kitwi cha nyumbani na Kiingereza cha shule hunikimbia vyote viwili.

Alhamisi, 10 Agosti

Dukani, mtaa wa Adum. Mwenye duka, Madam Fosuaa, akanionyesha taa ndogo ya betri, mwanga laini. Hii inakutosha, mwanangu, akasema, unamfuata nayo mwombolezaji mmoja mmoja. Kando yake, bei ileile: sanduku la taa sita na stendi zake. Sita! Madam akaniuliza nazika babu au nafungua uwanja wa mpira. Nikacheka kwa adabu. Nikabeba sita. Akiba yangu yote ya kusuka nywele, kwaheri.

Jumamosi, 12 Agosti

Aibu! Alfajiri, giza bado, Babu amelazwa uani kwenye kitanda cha shaba. Kumasi nzima inajua utaratibu: taa ya video ikikufikia, unalia, ikipita, unapumzika, unaulizia uji. Nikawasha zote sita. Ua mweupe pe! Hakuna aliyebaki gizani. Wakaanza kulia wote. Na nani athubutu kunyamaza wa kwanza, jamaa wa Hamburg waje wamwone kwenye video? Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa! Mama Mkubwa Birago akanipita akijigaragaza, akanong'ona katikati ya kilio: we mtoto, zima, koo limekauka! Nikadhani ni uchungu. Nikamsogezea taa. Mpishi alilia na mwiko mkononi, uji ukaungua. Hata dereva wa gari la maiti, asiyemjua Babu, alilia. Mwishowe Mjomba, sauti imemwisha, akapunga mikono: zima, tutazika wawili! Nikazima. Kilio kikakatika. Mtu akamshukuru Mungu. Oteng akamalizia na kitaa chake.

Jumapili, 13 Agosti

Mjomba ametoa hukumu: kazi ni ya Oteng. Mama Mkubwa hana sauti ya kunisema. Anasukutua maji ya chumvi na kunitazama. Nimelia sana. Gizani, bila kurekodiwa.

Kisha nikatafakari. Taa hazina kosa. Kosa ni msiba! Novemba dada yake Oteng anaolewa. Harusini taa ikikufikia, unacheza. Nikipata sanduku la pili, zitakuwa kumi na mbili, ukumbi mzima utacheza bila kupumzika, na Mjomba mwenyewe atanipigia ma–

Nyayo. Mtu anakohoa kikohozi kikavu mlangoni. Daftari, chini ya godoro, upesi!