Meza ya Dirishani na Kompyuta Tano

Jumanne, 14 Januari
Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri. Gari limewaka, nashukuru. Bosi wetu, Loretta Friesen, anataka kila mwandishi wa programu za bima awe na hifadhidata yake ndani ya kompyuta yake, ili mmoja akivuruga asiwaharibie wenzake. Watano nimepewa mimi, watano kapewa Gord Kowalchuk. Atakayemaliza kwanza anapata meza ya dirishani. Mwaka wa nne huu nakaa kando ya mlango wa choo. Naitaka ile meza kuliko kitu chochote.

Jumatano, 15 Januari
Gord anasoma mwongozo, kurasa arobaini, kidole juu ya mstari. Maskini! Mimi nimeweka hifadhidata kwangu, kisha nikanakili faili langu la mipangilio kwenye kompyuta zote tano. Dakika tisa. Zote zinajibu! Gord kauliza kama nimesoma mwongozo. Nikamwambia miongozo ni ya wasiojiamini. Akasema haya bwana mtaalamu, sisi yetu macho.

Alhamisi, 16 Januari
Meza yangu! Shauna, mmoja wa watano wangu, kalalamika kwamba hifadhidata yake ina wateja ambao hajawahi kuwaingiza. Nikamwambia ni zawadi, ashukuru.

Ijumaa, 17 Januari
Nimechomoa kompyuta yangu na kuihamishia dirishani. Nyuma yangu watu watano wakakwama kwa pamoja. Gord akafungua faili la Shauna. Mahali pa jina la kompyuta yenye hifadhidata pameandikwa: Vernon, yaani kompyuta yangu, yenye jina langu. La jirani yake: Vernon. Wote walikuwa wanaweka kazi zao kwangu. Loretta akauliza, kwa upole unaoumiza, kama ukurasa wa pili hausemi kila mtu aandikiwe jina la kompyuta yake mwenyewe. Nikasema sijaufikia.
Meza kapewa Gord. Nimeumia, sifichi. Ila mchana alinigawia pierogi za mama yake, vile vijisambusa vya viazi vya kuchemshwa, tano, na kitunguu cha kukaanga. Siku haikuwa mbaya sana.

Jumatatu, 20 Januari
Loretta kasema nirudie kazi yote, safari hii nimfuate Gord. Nimetii. Kompyuta ya Gord haina kasoro, kwa hiyo nimenakili faili lake kwenye zile tano bila kugusa hata nukta. Dakika saba! Zote zinajibu.
Gord anahamia dirishani kesho asubuhi. Nimejitolea kumbebea kompyuta.